Mdudu-kijiti kama Lishe ya Reptilia: Suala la Mayai

Mdudu-kijiti ni mdudu mla majani mwenye umbo la kijiti kikavu. Spishi zake zinazojulikana ni zaidi ya 3,000, na nyingi huishi katika nchi za joto. Anayefugwa kuliko wote ni Carausius morosus, ambaye asili yake ni vilima vya kusini mwa India. Huko Uingereza na kwingineko Ulaya amefugwa madarasani na maabarani kwa muda mrefu. Wafugaji wa vinyonga na mijusi nao humzalisha ili wawalishe wanyama wao. Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu hata wasiofuga chochote: je, kila anayetaka aachwe huru kuzalisha mdudu mgeni anayekula mimea, au sheria iingilie kati?

Sababu za kumpenda mdudu huyu ni za msingi. Reptilia wengi wa kufugwa hulishwa nyenje, nao nyenje wana kero zao: hupiga kelele, hunuka wakirundikana, hutoroka, na wakiachwa usiku kucha ndani ya kizimba huweza kumtafuna mjusi aliyelala. Tena kutegemea mdudu wa aina moja ni hatari. Kuanzia mwaka 2002 ugonjwa wa virusi uliteketeza nyenje katika mashamba ya Ulaya, na kufikia 2009 na 2010 ukawa umeyakumba mashamba ya Amerika Kaskazini. Baadhi ya wazalishaji walifunga kazi. Carausius hana kelele, haumi, hutembea polepole, na tumbo lake hujaa majani mabichi. Kwa kinyonga, ambaye porini huokota wadudu matawini, mdudu anayening'inia kwenye tawi ni windo la kawaida kabisa.

Hata hivyo, mdudu huyu hawezi kushika nafasi ya nyenje peke yake. Nyenje hukomaa kwa takriban miezi miwili, ilhali Carausius huhitaji miezi minne hadi sita baada ya kuanguliwa, na yai lenyewe huchukua miezi kadhaa kabla ya kupasuka. Kinyonga mmoja akipewa watano kwa wiki atamaliza 260 kwa mwaka. Vilevile, kama wadudu wengi wa kulishia, hawezi kutegemewa kumpa reptilia kalisi yote anayoihitaji. Unga wa kalisi bado unatakiwa, pamoja na taa ya miale ya urujuanimno inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D3. Vikikosekana, mifupa ya mnyama hulainika na kupinda. Si kila spishi inafaa kuliwa pia. Anisomorpha wa kusini-mashariki mwa Marekani hurusha majimaji makali yanayoumiza vibaya macho ya binadamu na ya wanyama. Majani yaliyopigwa dawa ya kuua wadudu nayo huweza kuangamiza kizimba kizima.

Ufugaji wenyewe hauna gharama kubwa. Kizimba chenye wavu hutakiwa kiwe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu, kwa kuwa huning'inia kichwa chini anapoambua ngozi. Kila siku hunyunyiziwa maji kidogo. Waingereza humlisha majani ya vichaka vya miiba vizaavyo beri nyeusi, ambavyo hubaki na majani hata majira ya baridi. Katika nchi za joto, spishi kadhaa nyingine hukubali majani ya mpera.

Wepesi huohuo ndio chanzo cha tatizo. Jike wa Carausius hahitaji dume: hutaga mayai yasiyorutubishwa, nayo huanguliwa majike watupu. Maishani mwake hutaga mamia, akiyadondosha chini moja moja kama mbegu. Tukichukulia kwamba jike mmoja ameacha mayai 300 na nusu yake tu yakafikia utu uzima, kizazi cha kwanza kitakuwa na majike 150 na cha pili 22,500. Hakuna kinyonga wa nyumbani awezaye kuwamaliza. Ziada hiyo lazima iende mahali, na mara nyingi huondoka bila mtu kuiona, kwa kuwa mayai huchanganyika na kinyesi na majani makavu yanayotupwa bustanini.

Hata kumlisha reptilia mdudu jike mwenye mayai si hakikisho kwamba mayai yamekwisha. Mwaka 2018 Kenji Suetsugu wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha ndege mayai ya wadudu-vijiti. Kati ya asilimia 5 na 20 yalitoka kwenye kinyesi bila kupasuka, na machache yakaanguliwa. Tumbo la mjusi si tumbo la ndege, lakini mfugaji mwangalifu hana sababu ya kubahatisha.

Hatari hii si ya kufikirika. Carausius ameshajikita katika bustani za California na za eneo la Cape, Afrika Kusini. Ni kweli kwamba si wageni wote waliletwa na wafugaji: wadudu-vijiti wa New Zealand walioota mizizi Cornwall na visiwa vya Scilly, huko Uingereza, waliingia pamoja na mimea iliyoagizwa kwa ajili ya bustani. Lakini biashara ya wanyama wa kufugwa ina historia yake, na Afrika Mashariki imo ndani yake. Vinyonga wa pembe tatu waliotoka Kenya mwaka 1972 walifikishwa Hawaii wakiwa wamedhoofika, wakaachiwa uani ili wapate nafuu, wakatawanyika. Hadi leo wapo huko, wakila wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo.

Marekani huwahesabu wadudu-vijiti kuwa wadudu waharibifu wa mimea, hivyo Idara ya Kilimo humtaka mfugaji awe na kibali. Uingereza imelegeza: spishi zilizozoeleka hufugwa hata shuleni, ila sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kumwachia porini mnyama asiye wa asili ya nchi hiyo. Kila upande una hoja. Kibali huzuia spishi hatari mlangoni, lakini kikiwa kigumu mno huwasukuma watu kupeana wadudu kwa siri, bila maelekezo wala ukaguzi. Uhuru hueneza maarifa, lakini huiachia baridi kazi ya ulinzi. Baridi ya Uingereza huua wengi wa wanaotoroka; katika nchi isiyo na majira ya baridi kali na yenye majani mwaka mzima, kinga hiyo haipo.

Kwa hiyo sheria nzuri haiwezi kuwa moja kwa nchi zote. Penye baridi kali, orodha fupi ya spishi zinazoruhusiwa na katazo la kuachia porini vinatosha. Penye joto, ikiwemo Afrika Mashariki, spishi ya kigeni isiingizwe kwa ajili ya kulishia reptilia, kwa sababu faida yake ni nyongeza tu ya lishe, ilhali hasara yake ikitokea haiwezi kurudishwa nyuma. Na popote anaporuhusiwa, mfugaji abebe wajibu wa mayai: ahesabu anayobakiza, ayagandishe yanayozidi kwa siku kadhaa pamoja na takataka zote za kizimba na kinyesi cha reptilia, kisha ndipo atupe. Asiyeweza kufanya hivyo aendelee kununua nyenje.