Muziki Uliofungiwa

Sifa za Paul Wittgenstein, mpigaji piano wa Vienna, zimeandikwa sana, na nyingi ni za haki. Alizaliwa mwaka 1887 katika nyumba ya utajiri mkubwa, akaanza kujulikana jukwaani mwaka 1913, na mwaka uliofuata vita vikamchukua. Risasi ilimpiga kiwiko cha mkono wa kulia, Warusi wakamteka, na mkono ukakatwa. Katika kambi ya mateka huko Omsk, Siberia, alichora vibao vya piano kwa makaa juu ya sanduku la mbao, akawa anavizoeza vidole vitano vilivyosalia. Mwaka 1916 alikuwa jukwaani tena. Nani asiyemvulia kofia mtu kama huyo? Mimi namvulia. Walakini nakutaka, msomaji, umpime pia kwa jambo ambalo wenye kumsifu hulipita mbiombio.

Kwa mali aliyorithi, aliwaagiza watungaji mashuhuri wamtungie muziki wa mkono wa kushoto peke yake. Utungo wa Ravel aliupiga Vienna tarehe 5 Januari 1932, naye akaubadilisha alivyopenda, hata mtungaji akaghadhibika. Ule wa Prokofiev wa mwaka 1931 hakuupiga kamwe. Ule wa Hindemith wa mwaka 1923 aliuweka ndani. Kutopenda muziki si kosa, maana kila sikio lina tamaa yake. Lawama yangu inaanzia penye kufuli.

Baada ya Vita vya Pili, Mjerumani Siegfried Rapp, aliyepoteza mkono wa kulia vitani kama yeye, alimwomba ruhusa ya kuzipiga tungo hizo. Alikataa. Alijibu kwamba aliagiza yeye, alilipa yeye, na wazo lilikuwa lake. Tena mtu hajengi nyumba ili mwingine ahamie.

Yamkini utasema kwamba mali ni ya mwenyewe. Nakubali kwamba aliyelipa astahili kutangulia, na hata kupiga peke yake kwa miaka kadhaa. Ravel alimpa haki hiyo, na muda wake ulipokwisha mwaka 1937 wengine wakaupiga. Lakini mfano wa nyumba haufai hata kidogo. Nyumba ikiingiwa na wawili hubanana. Utungo ukipigwa na watu mia haupungui sauti moja. Rapp angemnyang'anya nini? Na hilo wazo, lilikuwa lake tangu lini? Scriabin alitunga muziki wa mkono wa kushoto mwaka 1894, Wittgenstein akiwa mtoto wa miaka saba. Wala fedha haikuzaa tungo hizo peke yake: iliwapa watungaji sababu ya kukaa mezani, na kazi ya mezani ilikuwa yao.

Utungo wa Prokofiev, Rapp aliupata kwa njia nyingine, akaupiga Berlin mwaka 1956, mtungaji akiwa kaburini miaka mitatu. Wittgenstein alikufa New York mwaka 1961. Hindemith akafuata mwaka 1963, utungo wake haujasikika. Ulionekana mwaka 2002, baada ya kifo cha mjane wa Wittgenstein. Mwezi wa Desemba 2004, Leon Fleisher, mzee wa miaka 76 ambaye mkono wake wa kulia ulimwasi ujanani, aliupiga Berlin kwa mara ya kwanza.