Ndege 3,000, Risasi 1,000

Na Rukia Shomari

Kila Aprili na Mei, kwenye vilele vya milima ya Peloritani, nyuma ya mji wa Messina kisiwani Sicily, kuna watu wanaoshinda juani shingo zimepinda, darubini machoni. Ukiwauliza wanafanya nini, watakujibu bila haya: tunahesabu mwewe. Kwetu mtu mzima akijibu hivyo, jamaa zake wangeitwa kikaoni jioni hiyo hiyo.

Mwewe wenyewe wanatoka huku kwetu Afrika. Wengi wao ni wa aina isiyojali kuku wa mtu; chakula chao ni mabuu ya nyigu, wanayafukua viotani kwa kucha. Baridi ya Ulaya inapoingia hujificha katika misitu ya magharibi na kati ya bara hili, na sasa wanarudi kwao kuzaa. Safari ni ndefu na mwili ni mzito, kwa hiyo hawapigi bawa ovyo. Hutafuta mahali jua lilipopasha ardhi, wakajiachia kwenye hewa inayopanda, wakazunguka nayo hadi juu kabisa, kisha wakatandaza mbawa na kuteleza masafa marefu bure. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana maelfu huvukia pale palipo pafupi: kutoka rasi ya Cap Bon, Tunisia, hadi Sicily, halafu mlango wa bahari wa Messina, ambao penye wembamba wake hauzidi sana kilomita 3.

Kuhesabu kuna ufundi wake. Kundi likiwa bado linazunguka haligusiki, huyu anapanda, yule anashuka, utahesabu mmoja mara tatu. Mzoefu husubiri wafike mwisho wa mpando wao, waanze kuchomoka mmoja mmoja kwa mstari kuelekea ng'ambo. Hapo ndipo anabonyeza kidude chake cha kuhesabia. Siku ya upepo wa mbele wanapita chini mno, usawa wa kilele, hata rangi ya jicho unaiona.

Usawa huo ndio uliowaponza. Kwa vizazi vingi wanaume wa pande zote mbili za mlango ule, Sicily na Calabria, walipanda milimani msimu huu na bunduki. Calabria wengine walijijengea hata vibanda vya zege vya kujifichia. Na sababu haikuwa njaa. Iliaminika kwamba mwanamume asiyeangusha mwewe majira ya kuchipua, mkewe atatoka nje ya ndoa. Nimejaribu kuifuata hoja hii nikashindwa: bwana anashinda mlimani siku nenda siku rudi, macho mbinguni, nyumba kaiacha peke yake, na hiyo ndiyo kinga?

Italia ilipitisha sheria ya kuwalinda ndege wote wawindao mwaka 1977. Karatasi ilikuwepo, na risasi ziliendelea kulia. Mwaka 1981 msichana wa Messina mwenye miaka 15, Anna Giordano, alipanda kuwatazama mwewe wakipita, akawaona wakipigwa na kuanguka mbele yake. Hakuwa na cheo wala fedha. Alichokianzisha pamoja na wenzake ni kambi ya kukaa kileleni msimu mzima, wakiwa na daftari. Na daftari lile ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu halikuwa la ndege peke yao. Waliandika pia kila mlio wa bunduki waliousikia. Mwaka 1984 hesabu ilitoka hivi: ndege zaidi ya 3,000, milio zaidi ya 1,000.

Tazama takwimu hizo mbili zikiwa pamoja. Ile ya ndege ikiwa peke yake ni habari ya wapenda ndege. Ile ya risasi ikiwa peke yake ni lawama, na lawama hupingwa. Zikikaa bega kwa bega, afisa wa serikali hana pa kukimbilia: sheria hii ni ya kwako, mahali ni hapa, saa ni hii. Wawindaji walilielewa daftari mapema kuliko serikali. Gari la Giordano lilichomwa moto, akatishiwa maisha. Mtu hachomewi gari kwa sababu ya kupenda mwewe. Anachomewa kwa sababu ameandika.

Askari wa misitu wakaanza kupelekwa milimani kila msimu. Miaka ya tisini ilipokuwa inakwisha, milio ya msimu mzima ilikuwa imeshuka hadi makumi, na ndege waliohesabiwa walikuwa wanapita 20,000. Mwaka 1998 Giordano akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Nisitie chumvi, lakini: sehemu ya ongezeko hilo inatokana na macho kuwa mengi na siku za kuhesabu kuongezeka. Ile hesabu ya risasi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa masikio yaliongezeka na milio ikapungua.

Nageukia nyumbani. Kenya nayo ina hesabu yake, ya barabarani badala ya kileleni. Watafiti walilinganisha ndege wawindao walioonekana kutoka kwenye magari miaka ya sabini na wale wa kati ya 2003 na 2020. Matokeo yalichapishwa 2022: kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zimepungua, tai mzoga wakiwa miongoni mwake. Ndani ya hifadhi hali ina nafuu kidogo. Ni kazi ya heshima, na inatisha.

Ila daftari hili lina safu moja. Linasema wangapi wamebaki, halisemi nani anawamaliza wapi na lini. Kwetu muuaji mkubwa wa tai mzoga ni sumu: simba kaua ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira anaupaka mzoga dawa ya wadudu, simba asipokuja wanakuja tai, na mzoga mmoja unaweza kuangusha makumi kwa mara moja. Bunduki ya Calabria ilisikika hadi bonde la pili. Sumu haina mlio, na aliyeiweka amekwishaondoka.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa wanaopanga hesabu hizi ni kitu kidogo. Fomu iwe na safu ya pili: mzoga uliokutwa na ndege waliokufa pembeni yake, mahali, tarehe, idadi. Iende kwa chifu, kwa afisa wa wanyamapori wa kaunti, na magazetini, bega kwa bega na ile ya ndege walio hai. Watu wa kuijaza wapo tayari porini kila siku, wanachunga mifugo, na harufu ya mzoga wanaijua kabla gari la mtafiti halijawasha injini. Waulizwe, na walindwe majina yao.