Mwezi Umechelewa: Ni Siku Zako, Ao Ni Mimba?

Mama msomaji, unaijua hali hii. Matiti yanauma, tumbo limejaa, umechoka bila kazi, na mtoto akimwaga maji kidogo tu unakasirika. Unajiuliza: siku zangu zinakaribia, ao niko na mimba? Na hapa kwetu Goma jirani ataongeza jibu la tatu: "Hapana, hiyo ni malaria."

Ukweli ni kwamba siku hizo za kwanza mwili hautoi jibu. Yai likisha kutoka, karibu siku 14 mbele ya damu kuja, mwili unatengeneza homoni inayoitwa projesteroni. Inapanda kama kuna mimba, inapanda vilevile kama hakuna. Ndiyo maana dalili zinafanana.

Tofauti inaonekana baadaye. Kama ni siku zako, dalili zinapungua damu inapoanza, ao siku chache nyuma yake. Kama ni mimba, damu haiji, uchovu unaendelea, unakojoa mara kwa mara, na kichefuchefu mara nyingi kinaanza karibu wiki 2 nyuma ya siku ambayo mwezi ungekuja. Lakini angalia: wamama wengine wenye mimba wanaona matone machache ya damu, siku moja ao mbili. Wanasema, "Nimeona mwezi," kumbe hapana.

Basi fanya mambo mawili. Kwanza, kila mwezi weka alama kwenye kalenda siku ya kwanza ya damu. Pili, mwezi ukichelewa, pima mkojo wa asubuhi kwa kipimo cha mimba cha farmasi, ao nenda kituo cha afya. Kama kipimo hakionyeshi mimba na damu bado haiji, pima tena nyuma ya wiki moja.

Usinunue dawa kwa kukisia. Malaria inajulikana kwa kupima damu. Tena mama anaweza kuwa na mimba na malaria kwa pamoja, na malaria hiyo inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo lazima itibiwe. Lakini si kwa dawa yoyote. Doxycycline haifai kwa mwenye mimba, na Fansidar ya kukinga malaria inayotolewa CPN haitolewi miezi 3 ya kwanza. Mwambie muuguzi tarehe yako mbele hajaandika dawa. Na kama nyumbani munasafisha dhahabu kwa zebaki, kaa mbali na moshi wake: zebaki inamfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake.

Na wewe baba, sikiliza. Umerudi kutoka machimbo ya Walikale ao Rubaya, umekaa nyumbani wiki 5. Muuguzi anasema mimba ina wiki 6. Unahesabu kwa vidole, uso unabadilika. Tulia kwanza. Muuguzi hahesabu toka siku mlipolala pamoja. Anahesabu toka siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho wa mama, ni kusema karibu wiki 2 mbele ya mimba kuingia. Mimba ya wiki 6 iliingia karibu wiki 4 zilizopita, na wewe ulikuwa nyumbani. Usimfukuze mke wako bure juu ya hesabu usiyoielewa. Nendeni pamoja, muulize muuguzi mbele yake.

Neno moja la haraka. Mwezi ukichelewa, kisha maumivu makali yakashika chini ya tumbo, zaidi upande mmoja, pamoja na damu ao kizunguzungu cha kuanguka, inaweza kuwa mimba iliyokaa nje ya tumbo la uzazi. Usingoje kesho. Kimbia hospitali.

Kalenda iko ukutani, kalamu haikosi. Tarehe moja unayoiandika leo itamsaidia muuguzi, itamlinda mtoto, na itawapa amani nyumbani.