Gazeti la Mwaka 1987

Mzee mmoja wa Kibera, shabiki wa klabu ya soka ya Gor Mahia tangu ujana wake, aliponikunjulia kitambaa chenye kipande cha gazeti la 1987, kilichochakaa kwenye mikunjo, kikieleza sare ya 1-1 na Espérance ya Tunis iliyowapa Gor Kombe la Washindi la Afrika baada ya 2-2 ugenini, nilitahayari, kwani magazeti yangu ya zamani yalikwisha kufungia maandazi.

Marekani, kadi moja ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Sisi kumbukumbu zetu twaziachia mende. Basi vilabu na viweke kabati la kioo, na shabiki wa klabu ya Leopards kule Kawangware, mwenye jezi ya 1982, asiigeuze tambara la kupigia deki.