Vumbi la kinywe na hatima ya mikorosho ya Ruangwa

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Likunja, wilayani Ruangwa, huupanga mwaka wake kwa kuutazama mkorosho. Kati ya Juni na Septemba mti huo huchipua majani mapya na kutoa maua. Ifikapo Oktoba, korosho huokotwa na kupelekwa ghalani. Fedha za minada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachohudumia wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndizo zinazolipa ada za shule na kuezeka nyumba kwa bati.

Bahati mbaya, miezi hiyo ya maua ndiyo miezi ya vumbi. Mvua ya kuyaosha majani haipo, na kila gari linalopita katika barabara ya udongo huacha wingu nyuma yake.

Jambo hilo lina uzito mpya kwa sababu Ruangwa imejaliwa madini ya kinywe, yanayohitajika katika betri za magari ya umeme. Mgodi wa Lindi Jumbo, uliosanifiwa kuzalisha tani 40,000 kwa mwaka, ulianza uzalishaji mwaka 2024. Miradi ya Chilalo na Nachu nayo imo katika wilaya hiyo hiyo.

Madini hayo huchenjuliwa kwa maji, hivyo hatua hiyo haina vumbi jingi. Vumbi hutoka katika ulipuaji na usagaji wa miamba, ukaushaji, ufungashaji na usafirishaji. Likitua juu ya jani, huzuia mwanga ambao mmea hutumia kujitengenezea chakula, huziba vitundu vinavyopitisha hewa na kulifanya jani lipate joto zaidi. Likitua juu ya ua, huweza kuzuia chavua isishike, na ua lisilochavushwa halizai korosho.

Hayo si mambo ya kufikirika. Mwaka 2016, gazeti la Washington Post la Marekani liliripoti malalamiko ya wanavijiji wanaoishi jirani na viwanda vya kinywe kaskazini mashariki mwa China. Walisema vumbi lilitanda juu ya mazao na nyumba zao.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haiko mikono mitupu. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zipo kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni kulipa fidia kwa mazao na miti anayoiharibu. Ugumu uko katika ushahidi. Mti uliong'olewa huhesabika kwa urahisi, lakini uliobaki umesimama huku ukizaa kidogo kila msimu, nani atauhesabu?

Historia inaonyesha ugumu huo. Uzalishaji wa korosho nchini ulishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei ndogo, wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao na ugonjwa wa ubwiriunga vyote vilitajwa kuwa chanzo. Mkulima atakayelalamikia vumbi leo ataambiwa vivyo hivyo: ni ubwiriunga, ni hali ya hewa, ni uzee wa mti.

Dawa ya mabishano hayo ni vipimo vinavyoanza mapema. Kiasi cha vumbi kipimwe mashambani kabla mgodi haujapanuka na baada ya hapo. Watafiti wa korosho wa Naliendele, Mtwara, walinganishe miti ya kando ya barabara na iliyo mbali. Vyama vya msingi, ambavyo tayari hupima korosho za kila mwanachama, vitunze takwimu hizo kwa miaka mingi. Wakati huo huo, barabara zimwagiwe maji na malori yafunikwe maturubai.

Ruangwa inahitaji mgodi na inahitaji mikorosho. Kinywe kitachimbwa na siku moja kitakwisha. Mkorosho uliotunzwa vyema humlisha aliyeupanda na wajukuu wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.