Maziwa Lala na Tiba ya Sonona

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Sayansi ya miaka ya karibuni imeisogeza methali hiyo ndani zaidi: huenda kimfaacho mtu, au kimdhurucho, ki tumboni mwake. Matumbo ya binadamu yana matrilioni ya bakteria, na wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba baadhi yao, wakimezwa katika vidonge au katika vyakula vilivyochachushwa, wanaweza kumpunguzia mgonjwa sonona. Bakteria hao wa manufaa ndio waitwao probayotiki.

Dai hili si porojo. Mwaka 2011, watafiti nchini Ireland waliwalisha panya bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus, na panya hao wakapungukiwa na dalili za hofu na kukata tamaa. Neva ya vegasi, iunganishayo tumbo na ubongo, ilipokatwa, nafuu hiyo haikuonekana. Mwaka 2019, uchunguzi wa watu zaidi ya 1,000 nchini Ubelgiji ulibaini kwamba wenye sonona walipungukiwa na bakteria wa Coprococcus na Dialister. Hata hivyo, uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuonyesha kipi kilitangulia, kwani mwenye sonona aghalabu hula ovyo au hali kabisa, na tumbo lake hubadilika. Husemwa pia kwamba takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni. Wasemao hivyo husahau kuongeza kuwa serotonini hiyo haivuki kuingia ubongoni.

Kwa binadamu, matokeo yametofautiana. Jaribio la London lililochapishwa mwaka 2023 lilihusisha watu 49 waliokuwa wakitumia dawa za sonona bila kupona ipasavyo. Baada ya wiki 8, waliopewa probayotiki walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa vidonge bandia. Lakini jaribio la New Zealand la mwaka 2017, lililohusisha watu 79 wasiotumia dawa yoyote ya sonona, halikupata tofauti. Majaribio haya ni madogo. Yakisomwa pamoja, yanaashiria kwamba probayotiki yamkini ni msaidizi wa tiba. Kwamba inaweza kuchukua nafasi ya tiba yenyewe, hilo halijathibitishwa.

Tatizo huzuka habari hizi zinapotafsiriwa. Neno “huenda” hudondoka njiani, na “husaidia” hugeuka “hutibu”. Isitoshe, “msongo wa mawazo” umebebeshwa mizigo miwili: wahaka wa mwanafunzi katika juma la mtihani, na maradhi yanayomlaza mtu majuma kadhaa bila usingizi, bila hamu ya chakula, pengine bila hamu ya kuishi. Mgonjwa akisoma kwamba maziwa lala hutibu msongo wa mawazo, ana kila sababu ya kuviweka kando vidonge alivyoandikiwa na daktari, hasa kwa kuwa vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu na maziwa yako dukani. Kuviacha ghafla kunaweza kuurejesha ugonjwa. Hilo ni kosa la mfasiri kabla ya kuwa la mgonjwa.

Mursik ni chakula kizuri, na Wakalenjin hawakungoja maabara kulijua hilo. Ila bakteria wa kibuyu cha boma moja si lazima wawe wale wa boma la pili, ilhali majaribio yalitumia aina mahususi kwa vipimo maalumu.

Wanafunzi wa Kiswahili wa leo ndio watakaosoma habari redioni na kutafsiri vijitabu vya afya kesho. Ni heri walitenge neno “sonona” kwa ajili ya maradhi, wauache “msongo” kwa shinikizo la maisha, na wailinde “huenda” popote mtafiti alipoiweka. Naye mwenzao ambaye kwa majuma mawili sasa ameshindwa kuamka kwenda darasani, aelekezwe kwenye kliniki ya chuo. Maziwa anaweza kuyanywa akirudi.