LUMBESA YA WATU
Kiti, Nauli na Utu wa Abiria Mwenye Mwili Mkubwa




Kila mkulima wa miteremko ya Mlima Meru analijua neno lumbesa. Gunia la viazi au la vitunguu hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa kilemba juu yake, na mlanguzi hulipa bei ya gunia moja. Serikali imelipiga marufuku jambo hilo, Wakala wa Vipimo hulisaka masokoni, nasi mapadre tumelikemea altareni, kwa sababu ni wizi unaofanywa kwa njia ya kipimo. Katika waraka huu twataka kusema kwamba iko lumbesa nyingine, inayofungwa kila siku mbele ya macho yetu katika vituo vya Arusha, na hiyo hatuikemei. Ni lumbesa ya watu.

1. Yanayotendeka

Simameni jioni katika kituo cha Kilombero, muyatazame magari yaendayo Ngaramtoni, Njiro na Usa River. Benchi lililotengenezwa kwa abiria watatu huketiwa na wanne. Gari aina ya Noah, lililoundwa kwa watu 7 au 8 wa familia, hubeba kadiri mlango utakavyokubali kufungwa. Konda hulia, "Sogeeni, siti bado!" ilhali hakuna pa kusogea. Aliye mwembamba hubanwa, hushuka, husahau. Aliye na mwili mkubwa hasahau, kwa sababu ndiye anayebebeshwa lawama ya gari zima.

Twamfahamu mama mmoja, kiongozi wa jumuiya katika mojawapo ya vigango vyetu. Alisimamisha gari Sanawari akielekea soko la Tengeru. Konda alimtazama toka juu hadi chini, kisha akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Mama, wewe utalipa mbili." Abiria wakacheka. Mama hakubishana, alilipa nauli mbili, akaketi. Gari lilipofika kituo kilichofuata, konda aliona upenyo mdogo kati yake na dirisha, akamwingiza kijana mmoja, na kijana huyo naye akalipa. Hivyo nafasi moja ililipiwa mara tatu, na aliyelipa mara mbili ndiye aliyeaibishwa. Mama huyo alitueleza kwamba fedha haikumuuma. Kilichomuuma ni kicheko, maana miongoni mwa waliocheka walikuwamo watu anaosali nao kila Jumapili. Siku hizi huenda sokoni kwa nadra sana.

2. Kosa ni la nani?

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Gari likijazwa kupita kiasi, husingiziwa mwili wa abiria. Chukueni kamba mpime wenyewe. Benchi la sentimita 120 likiketiwa na watatu, kila mmoja hupata sentimita 40. Likiketiwa na wanne, kila mmoja hupata 30. Mabega ya mtu mzima, hata aliye mwembamba, hupita sentimita 30. Kwa hiyo nafasi haikupungua kwa sababu mama amenenepa. Imepungua kwa sababu ameongezwa mtu wa nne. Wote wanne wamepunjwa. Tofauti ni kwamba mmoja wao amefanywa kisingizio cha kuwapunja wengine watatu.

Tusiishie kwa konda. Yeye na dereva, mara nyingi hawana mkataba wa ajira wala mshahara. Kila jioni hutakiwa kupeleka kwa mwenye gari kiasi kilichopangwa, kiitwacho hesabu. Kinachozidi baada ya mafuta ndicho chakula cha watoto wao. Mtu wa nne katika benchi lile ndiye unga wa jioni hiyo. Mwenye gari hajamwamuru mtu yeyote amtukane mama wa Sanawari. Amepanga tu kiasi cha hesabu, akaenda zake. Lakini tusi lile limezaliwa katika hesabu ile. Nasi tuseme wazi: baadhi ya wenye magari hayo ni waamini wetu, wengine ni wajumbe wa halmashauri za parokia, na sadaka zao tunazipokea.

3. Hoja tunazozisikia

Wengine husema, "Mwenye kuchukua nafasi ya wawili alipe kama wawili." Hoja hiyo yafanana na haki, lakini haifiki mbali. Nauli za daladala hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua mwaka 2019 kazi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Nauli hizo hupangwa kwa mtu na kwa njia, wala si kwa kilo wala kwa upana wa nyonga. Je, ni konda gani aliyewahi kumrudishia mtu mwembamba nusu ya nauli? Mizani inayopima upande mmoja tu si mizani. Ni mtego.

Wengine husema, "Nauli ni ndogo, mafuta ni ghali." Hilo twalikubali lina uzito. Basi lipelekwe LATRA, wenye magari na abiria wasikilizwe, na nauli ya haki ipangwe. Si haki pengo la biashara lijazwe kwa mbavu za abiria, tena hasa za yule ambaye mwili wake haumruhusu kubanwa bila maumivu.

Wapo pia wanaosema, na hili tumelisikia hata vinywani mwa Wakristo, kwamba unene ni adhabu ya ulafi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Miili yetu hurithiwa, uzazi huibadilisha, yako maradhi na zipo dawa zinazomnenepesha mtu asiyekula zaidi ya jirani yake. Hata kama ingekuwa kweli kwa mmoja, nani aliyemweka konda kuwa muungamishi wake? Ulafi ulio ndani ya gari lile si wa yule aliyeketi, bali ni wa yule aliyewapanga wanne.

4. Si kwetu tu, wala si jambo lisilowezekana

Msidhani kwamba ni neno la daladala pekee. Ndege za mataifa tajiri zimeingia katika kishawishi kilekile cha kuongeza safu na kupunguza nafasi. Mwaka 2013 shirika la Samoa Air lilikuwa likitoza nauli kwa kilo za abiria. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2018 iliiagiza mamlaka ya usafiri wa anga iweke kipimo cha chini cha kiti. Hadi mwaka 2022 mamlaka hiyo ilikuwa bado inakusanya maoni ya wananchi.

Lakini Kanada ilichukua njia nyingine. Mwaka 2008 chombo cha serikali kinachosimamia usafiri kiliamuru mashirika makubwa ya ndege, katika safari za ndani ya nchi, yasimtoze nauli ya pili mtu anayehitaji kiti cha ziada kwa sababu ya ulemavu, pamoja na yule ambaye unene wake umekuwa ulemavu. Mashirika yalitaka kukata rufaa, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ikakataa kuwasikiliza. Kanuni ikabaki: mtu mmoja, nauli moja.

Tutofautishe hapa mambo mawili. Katika uwanja wetu wa ndege wa Kisongo, abiria wa ndege ndogo ziendazo mbugani huweza kupimwa uzito, kwa kuwa rubani hana budi kujua mzigo wake ili ndege iruke salama. Kumpima mtu kwa ajili ya usalama wake na wa wenzake si dhuluma, kukifanyika kwa staha. Dhuluma ni kumpima ili kumtoza na kumcheka.

Na majirani zetu? Nchini Kenya, chini ya Waziri John Michuki, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004 ziliagiza matatu ndogo zibebe abiria 14 tu, kila mmoja na kiti na mkanda wake. Wenye magari walipinga, watu wakatembea kwa miguu siku kadhaa, kisha magari yakarudi barabarani yakiwa na nafasi. Usimamizi ulipolegea baadaye, msongamano ulirudi. Nalo ni fundisho. Hata kwetu, wakati wa UVIKO-19 mwaka 2021, abiria walielekezwa kupandishwa kwa idadi ya viti. Kama lilitakiwa kwa kuogopa ugonjwa, kwa nini lisitakiwe kwa kuheshimu utu?

5. Imani yetu yasemaje?

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Benchi la watatu linalouzwa kwa wanne ni kipimo kilichopunguzwa. Nauli mbili kwa mtu mmoja ni bei iliyoongezwa. Mtume Yakobo naye aliwaonya waamini waliompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini miguuni pao. Yeye hakuona kwamba kiti ni jambo dogo. Aliona kwamba katika namna ya kumketisha mtu, moyo wa anayemketisha hujulikana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliyahesabu miongoni mwa mambo ya aibu yale yote yanayomfanya mtu kuwa chombo cha faida tu. Mwili huu, mkubwa au mdogo, ni hekalu la Roho Mtakatifu. Haushonewi kilemba kama gunia.

6. Tufanye nini?

Wenye magari walio waamini wetu, twawasihi: wapeni madereva na makonda mikataba na ujira wa haki, punguzeni hesabu, na agizeni kwamba benchi la watatu liketiwe na watatu. Madereva na makonda, mdai haki yenu kwa aliyewanyima. Msiilipize kwa abiria. LATRA na Jeshi la Polisi, idadi ya abiria iliyo katika leseni ya gari isimamiwe jioni kama inavyosimamiwa mchana.

Nasi abiria tuache kucheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aibu ya jirani huonekana nyepesi kwa asiyeibeba. Siku konda atakapomwambia mtu alipe mbili, mmoja wetu aseme, "Huyu ni mtu mmoja, nauli ni moja." Wawili wakisema, gari litasikia. Hata parokia isijidai kuwa safi. Tunapokodi Coaster kwa hija au kwa safari ya kwaya, ni mara ngapi tumebananishana ili kupunguza mchango? Tuanzie hapo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

(a) Je, yuko katika jumuiya yetu mtu aliyeacha safari, soko au ibada kwa sababu ya aibu ya usafiri? Nani atakwenda kumsikiliza?
(b) Wenye magari katika parokia yetu huwalipaje madereva wao?
(c) Katika safari ijayo ya parokia, kila msafiri atapata kiti chake?